Pishi ya Nyongeza ya Vitongole

Hapo zamani, enzi ambazo punda wakikutana njiani waliamkiana na binadamu wakapishana kimya, palikuwa na mji uitwao Ungamani, na mtawala wake akiitwa Sultani Haidari. Sultani huyu hakuwa mkatili, la. Alikuwa mpenda unadhifu kupita kiasi. Hakupenda kitu kilichovimba, kilichopinda wala kilichomwagika. Basi siku moja akapita sokoni, akaona mwanamke anapimiwa mchele, na pishi imejazwa hata ikatokeza juu kama kichuguu. Sultani akachukizwa, akatoa amri papo hapo: tangu leo kila pishi katika Ungamani ipigwe mfuto, yaani ipitishwe kijiti juu yake mpaka ilingane sawasawa na ukingo, na punje zitakazoanguka ni mali ya Sultani. Ikawa kila mchuuzi amewekewa askari wake, na kijiti, na jamvi la kudakia punje, na majamvi hayo yakawa yakikung'utwa ghalani kwa Sultani.

Basi mji ukaanza kunyauka. Mchuuzi asiyeweza kuongeza hata punje moja aliona hana haja ya kutabasamu, na mnunuzi asiyetabasamiwa akarudi nyumbani na uso uleule aliotoka nao. Watu wakala milango imefungwa, wakitafuna polepole ili jirani asisikie. Neno "karibu" likabaki na kazi moja tu ya kueleza umbali: kisima kiko karibu, msikiti uko karibu. Ile karibu ya kumwambia mtu aingie, ilisahauliwa kabisa. Wenye miguu yao wakaanza kuhamia Vitongole, mwendo wa siku mbili, kwa kuwa ilisemekana kule maisha ni rahisi na watu wana bashasha. Sultani alipoona mitaa yake inabaki na paka, akaamuru lango lifungwe, asitoke mtu na mzigo.

Mjini humo alikuwamo fukara mmoja, jina lake Shekue Mbaruku, mtu wa makamo, mwenye kitambi kisicho na chakula cha kukieleza. Mkewe Mwanasiti alikuwa mpika vitumbua, lakini tangu amri ya mfuto pishi moja ya mchele haikutosha vya kuuza na vya kula. Ilikuwa ama wauze ama wale. Naye Mwanasiti alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba waliyoingoja miaka kumi na moja. Akamwambia mumewe, "Baba, mimi sizai katika mji ambao mtoto akilia jirani anafunga dirisha. Tuhame."

Shekue akajitwisha mkeka, akamtia kwapani kuku wao mmoja, wakashika njia ya langoni. Na kwa kuwa hakujaliwa kipaji cha kujificha, alimwuliza askari wa lango, "Samahani, mwanangu, njia ya kutorokea ni hii?" Basi wakakamatwa wote, na kuku.

Wakafikishwa barazani kwa Sultani. Sultani akasema, "Ewe Shekue, nimekukosea nini hata unikimbie?"

"Hukunikosea, Bwana. Ila nimesikia Vitongole maisha ni rahisi na watu ni wakarimu."

"Umesikia! Na huo ukarimu umeuona?"

"Sijauona, Bwana. Ndiyo kwanza nilikuwa nauendea."

Hapo akadakia Waziri Badawi, mtu mwembamba mwenye sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Bwana, ukarimu ni maneno matupu. Kitu kisichoingia ndani ya pishi hakipo."

Maneno hayo yakampendeza sana Sultani, akasema, "Vema. Shekue, mkeo atabaki hapa jikoni kwangu. Wewe nenda Vitongole, mikono mitupu ila pishi hii tupu, kwa siku saba. Uniletee pishi moja ya ukarimu wao, niione kwa macho na kuishika kwa mkono. Usiinunue, usiiombe, usiiibe, wala usipewe kwa zawadi. Ukiileta, lango litakuwa wazi kwako na kwa kila atakaye kuhama. Usipoileta, wewe na mkeo na huyo mtakayemzaa hamtoki Ungamani maisha yenu yote, nawe utakuwa jogoo wangu. Kila alfajiri utapanda darini uwike."

Shekue akainama akasema, "Amri yako juu ya kichwa changu, Bwana. Ila nahofia. Mimi ni mzito wa kuamka; ukiniweka jogoo, mji mzima utaswali alfajiri saa ya adhuhuri."

Watu wa barazani wakabana vicheko kwenye mikono ya kanzu. Mwanasiti hakucheka. Akamsogelea mumewe, akamwambia chini kwa chini, "Baba, safari hii usifanye mzaha."

"Mama weye, nimeambiwa niende mikono mitupu. Mzaha ndio kitu pekee nilichobaki nacho."

Basi akaenda. Siku ya pili, mchana, akaingia Vitongole na vumbi hata kwenye kope. Nyumba ya kwanza aliyoifikia, mjane mmoja mtu mzima, Bi Mwanakheri, alikuwa ameketi barazani na sinia ya wali mbele yake.

"Shikamoo, bibi," akasema Shekue.

"Marahaba, baba. Karibu!"

Shekue akatazama kulia, akatazama kushoto. "Karibu na nini, bibi?"

"Karibu tu, baba!"

Shekue akadhani amesimama mbali na hasikiki, akasogea hatua moja. "Karibu," akasema bibi. Akasogea hatua ya pili. "Karibu, karibu!" Akasogea ya tatu na ya nne, mpaka vidole vya miguu vikagusa ukingo wa sinia, akapiga kelele, "Bibi, nimeshakuwa karibu mno! Nikizidi hapa mtanila!"

Bi Mwanakheri akacheka hata kanga ikamdondoka begani. "Wewe watoka Ungamani! Wote mkija hufanya hivyo hivyo. Yule wa mwezi jana alisogea hata akakanyaga kachumbari. Nawa mikono, ukae, ule."

"Kukaa ni bei gani, bibi?"

"Bei?"

"Na kunawa je? Au maji yamo ndani ya bei ya kukaa?"

"Baba," akasema Bi Mwanakheri, akijifuta machozi ya kicheko, "ukiuliza bei mara nyingine nitakulisha mpaka ushindwe kupita mlangoni."

Akala, akalala, akaamka akapewa uji. Jirani wa kushoto akaja akamnunia Bi Mwanakheri kwa kumficha mgeni, na jirani wa kulia akapitisha bakuli la mchuzi dirishani bila hata kuuliza anayekula ni nani. Lakini furaha ya Shekue ilikuwa na mwiba. Wali alioula ulikuwa tumboni mwake, na maneno matamu yalikwenda na upepo, na pishi ya Sultani ilikuwa tupu vilevile. Akilini alimwona Mwanasiti amezeekea jikoni kwa watu, na mwanawe akizaliwa mwana wa jogoo. Basi akawa akijitenga nyuma ya choo, akijizoeza kuwika.

"Baba, kifua kinakubana?" akauliza Bi Mwanakheri.

"La, bibi. Najifunza kazi."

Siku ya nne asubuhi bibi akamwambia, "Kwa kuwa sauti unayo, na miguu bila shaka unayo. Hebu shika hela hii na kikapu, uniletee pishi ya kunde kwa Mzee Shomvi."

Shekue akaenda. Mzee Shomvi akapima kunde, pishi ikatuna, akaimimina kikapuni. Kisha akachota konzi moja ya mkono, akamwambia Shekue, "Kinga mkono. Nyongeza."

Shekue akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto, akimtafuta askari wa kijiti. "Nyongeza ni nini? Na hizi ni za nani?"

"Ni zako. Kunde ni za aliyekutuma, nyongeza ni ya aliyetumwa. Kwani umekuja kwa miguu ya nani?"

"Basi, mzee, inatosha, usijipunje!"

"Nyamaza, sijamaliza," akasema Mzee Shomvi, akatia konzi ya pili.

"Ahsante sana, mzee wangu. Mungu akulipe."

Hapo Mzee Shomvi akakunja uso. "Wanishukuru? Kwani nimekupa zawadi? Hiyo ni haki yako! Unataka watu waseme Shomvi hupima bila nyongeza, na mimi nina wajukuu?"

Shekue akasimama katikati ya soko, amekinga kunde kwa mikono miwili, na mwanga ukamwingia kichwani kwa ghafula hata akasahau alipo, akawika. Kisha akatimua mbio mtaani akinadi, "Nani ana haja ya kutumwa? Nani hana miguu leo?" Ikawa huyu amemtuma choroko, yule mtama, huyu mchele, yule ulezi, na kila alikokwenda akirudisha pishi kamili kwa mwenyewe, akabaki na konzi yake. Kufikia siku ya tano, pishi ya Sultani ilikuwa imejaa na kutuna, ina rangi zote kama shuka la viraka. Akamuaga Bi Mwanakheri, naye akalia kana kwamba anamuaga mwana wa tumbo lake. Shekue akashika njia.

Siku ya saba akaingia barazani, akaiweka pishi mbele ya Sultani. "Bwana, huu hapa ukarimu wa Vitongole. Utazame na uushike."

Waziri Badawi akainama, akanusa. "Hizi ni nafaka. Ulizinunua!"

"La. Walionunua ni walionituma, na kila mmoja alipata pishi yake kamili."

"Basi uliziomba."

"Nilisema basi, inatosha. Nikaambiwa ninyamaze."

"Uliziiba!"

"Mwenyewe alinitilia kwa mkono wake, soko zima likitazama."

"Basi ni zawadi, nawe umeshindwa!"

"Zawadi hushukuriwa, Waziri. Hizi niliposhukuru nusura nipigwe. Hazikununuliwa, hazikuombwa, hazikuibwa, wala si zawadi. Kule huitwa nyongeza, na hapa kwetu tumesahau hata kulitamka neno hilo."

Sultani akatia mkono ndani ya pishi, akazichezea punje. Kisha akauliza, "Na maisha kule? Pishi ya mchele ni kiasi gani?"

"Thumni moja, Bwana."

"Mbona hapa pia ni thumni moja!"

"Ni hivyo hivyo, Bwana. Bei ni moja, na pishi ni moja. Nami ningependa uone tofauti kwa macho yako. Mtume Waziri sokoni kwetu, apimiwe mchele, akuletee na ukarimu wa Ungamani, tuuweke mzani mmoja na huu."

Waziri akatumwa, akaenda kwa maringo. Akarudi na pishi iliyosawazishwa kama sakafu, na kilemba kimemkaa upande. "Bwana," akasema kwa hasira, "askari alipitisha kijiti, akanipangusa hata vidole! Punje mbili zilizoniingia mkononi mwa kanzu akazifuata huko huko ndani, akanitekenya mbele za watu!"

"Na ukarimu uko wapi?" akauliza Sultani.

"Hakuna, Bwana! Hakuna hata punje!"

Sultani akaghadhibika, akasimama. "Haiwezekani! Mji mkubwa kama huu, wazee wetu walisifiwa kwa ukarimu mpaka nchi za mbali! Umekwenda wapi? Nani ameuchukua?"

Shekue akasema kwa upole, "Haukupotea, Bwana. Uko ghalani kwako. Miaka mitatu unakung'utwa humo kila siku, jamvi kwa jamvi. Nasikia panya wako ni wakarimu kupindukia."

Mwanasiti, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, akafumba macho akingoja upanga. Sultani akawa mwekundu, akawa wa kijivu, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa hata akaketi sakafuni badala ya juu ya kiti. Alipomaliza kucheka alikuwa na machozi, na si yote ya kicheko. Akasema, "Lango liwe wazi. Ghala liwe wazi. Na hicho kijiti nileteeni nikivunje mwenyewe."

Habari ikaenea, na kabla ya alasiri nusu ya mji ilikuwa langoni na mizigo kichwani. Shekue naye akaazima punda, akampakia kitanda, chungu na kaango la vitumbua. Sultani akaja mbio na pishi mkononi, bila viatu, askari wakimkimbilia na mwavuli na gunia la mchele.

"Shekue, kaa nasi."

"Bwana ulitoa ahadi, na mke wangu ameshafunga mizigo."

"Sikuzuii. Nataka kuwapimia mchele wa njiani." Akachota kutoka gunia la ghala, akamimina kikapuni mgongoni mwa punda, pishi moja, mbili, tatu. Mkono wake, kwa mazoea, ukanyooka kusawazisha. Sultani akautazama mkono ule kama si wake, akaurudisha guniani, akatia konzi juu.

"Basi, Bwana, inatosha," akasema Shekue.

"Nyamaza, Shekue. Nina ya miaka mitatu."

Akatia konzi, akatia nyingine, mchele ukamfika viwikoni, ukamwagika njiani, naye, yule mpenda unadhifu, akaukanyaga na kuendelea kutia. Kikapu kikafurika. Punda akapiga magoti, akalala chini, akakataa katakata. Wenye mizigo kichwani wakaanza kucheka, na mmoja akamwambia jirani yake ambaye hawakusemezana naye tangu ile amri, "Unaona mambo hayo, ndugu yangu? Mimi mgongo waniuma, nautua huu mzigo."

Mwanasiti akamtazama punda. Akamtazama Sultani, kanzu imechafuka, pumzi zinamtoka, bado anachota. Akashika tumbo lake kwa mkono mmoja.

"Shekue," akasema, "teremsha kitanda."

Nao walioteremsha mizigo siku ile walikuwa wengi, na mchele uliopikwa langoni hapo uliwatosha waliobaki na waliokwenda. Sisi tuliochelewa kufika tulikuta ukoko tu, nao ulikuwa mtamu.