Shamba la Méabh

Sogeeni, wajukuu, na anayesinzia akanawe uso. Jioni ile huko Ayalandi, kando ya moto, alikuwepo Bibi Gobnait, alikuwepo mwanawe Fiachra, alikuwepo Sorcha mke wa Fiachra, na mlangoni lilisimama Zimwi la Kinamasi.

Zimwi hilo lilimeza kila shamba ambalo wenyewe hawajui jina lake. Miaka yote Bibi ndiye aliyelijibu. Jioni ile alisema, "Lijibuni nyinyi. Mimi nimechoka."

Zimwi likauliza, "Shamba lenye kisima laitwaje?"

"Namba moja," akajibu Fiachra, maana mashamba yote alikuwa ameyapa namba. Zimwi likalimeza, pamoja na kisima.

"Lenye mti wa miiba?"

"Namba mbili." Likalimeza, pamoja na ndege wa mtini.

"Mwanangu," Bibi akasema, "watoto wako watakula namba?"

Likabaki shamba la viazi. "Na hili?"

Fiachra akamtazama mama yake. Bibi akafumba macho. Hapo Sorcha hakuweza tena kumwachia mumewe kujibu.

"Gort Mhéabha," akasema. "Shamba la Méabh, aliyelilima peke yake mwaka wa njaa. Mama hunisimulia tukipalilia. La kisima ni Páirc an Tobair. La mti ni Gort na Sceiche."

Zimwi likatapika kisima, likatapika mti na ndege wake, likarudi kinamasini na njaa yake.

"Mama, umemsikia mkweo?" akauliza Fiachra.

Bibi Gobnait alikuwa amefariki.