Kisu cha Bibi Tusekile

Hapo zamani, ingawa si zamani sana, maana maofisa walikuwa wamekwisha kuijua njia ya kupanda mlimani, palibaki kitanda kimoja tu cha kufumia, ile fremu ya miti ambako sufu ya kondoo hugeuka blanketi. Vingine vyote vilikuwa vimeishia jikoni, kuni. Watu walinunua mablanketi ya kiwandani, mepesi, yenye picha ya simba, na usiku wakatetemeka pamoja na simba wao.

Kitanda kilikuwa cha Bibi Tusekile, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Mila ya huko ilikuwa hivi: blanketi la mwisho la mfumaji halikatwi kitandani na mfumaji mwenyewe. Humpa mtu kisu. Atakayekata, kitanda ni chake. Hakigawanywi.

Blanketi lilipokamilika, wakaja watatu.

Akasema mkwewe, Atupakisye: "Mama, wenzangu walipouza kondoo wakapanda misonobari, mimi nilikataa. Mwanao akanihama chumba, eti nanuka beberu."

"Kondoo si beberu."

"Ndivyo nilivyomwambia! Bila kondoo wangu mngefuma nini, ukungu? Nipe kisu."

Ila uzi wa Atupakisye ulikuwa ukikatika hata kwa kutazamwa.

Akasema mjukuu, Ambakisye: "Bibi, huku mwanamume hafumi. Mimi nimefuma. Kilabuni wananiita shangazi. Vidole vyako vilipogoma, nani alimalizia? Nipe kisu."

Bibi akalipapasa blanketi. Hakupaona mkono wake ulipoishia na wa kijana ulipoanzia.

"Utafumia wapi?"

"Mjini, Bibi. Wanunuzi wako huko."

Akasema jirani, Lugano: "Msimu ule wa mvua, Bibi, ulishika shoka ukipasue kitanda upate kuni."

Bibi akatazama pembeni.

"Nikang'oa mlango wangu, ukauchoma huo. Mimi nikalala na gunia mlangoni mpaka mvua zikaisha. Kufuma sijui, nitajifunza. Na siendi popote. Nipe kisu." Akapiga chafya. Sufu ilimwasha pua tangu utotoni.

Ofisa wa utamaduni, aliyepanda kuhutubia juu ya urithi usioshikika, alikuwa amelishika pindo la blanketi akajifunika magoti. "Kwa mujibu wa mwongozo," alisema, "kitanda kiwekwe ofisini, ndani ya kabati la kioo."

"Na humo ndani atafuma nani?"

"Hilo, Bibi, liko idara nyingine."

Bibi akamvua pindo taratibu, kama anayemwachisha mtoto ziwa. Akachomoa kisu. Mikono mitatu ikanyooshwa, mmoja ukitikisika kwa chafya. Akimpa mmoja, alijua, wawili watageuza migongo, kila mtu na chake, huyu kondoo, huyu ufundi, huyu ujirani. Akikaa na kisu mwenyewe, kuni zimekaribia kuisha, mvua ndiyo hiyo inaanza, na shoka lile bado lipo.

Basi nyinyi mlioketi hapa, mmejifunika simba wenu: kisu mngempa nani?