Zimwi la Vumbi Jekundu

Kaeni kitako, hadithi imefika. Zimwi la vumbi jekundu lilikula ngano ya jirani wa kwanza wa mkulima Nasieku, likala ya wa pili, likala ya wa tatu. Kila mara Nasieku alikwenda kuwapa pole, akiingia shambani kushika masuke yaliyokufa, kama ilivyo desturi. Siku ya nne akakuta kutu, lile vumbi jekundu, kwenye ngano yake mwenyewe.

“Umefikaje, nawe huna miguu?” akauliza akilia.

“Nimepanda pindo la shuka yako,” zimwi likajibu. “Mara tatu.”

Nasieku akafyeka chakula cha wanawe cha mwaka mzima, akakitia moto. Majirani wakaja kumpa pole. Akasimama njiani na panga.

“Anayenipenda arudi kwake,” akasema.

Hadithi na ikome hapo njiani, nanyi msivuke.