Gauni Lililozidi Kupwaya

Akina mama wenzangu, palikuwa na mbunifu mmoja wa mavazi, mwanamke aliyejulikana mji mzima. Ukipita umevaa gauni lake, watu waligeuka. Aliamini kwamba nguo humtangaza mtu kabla hajafungua mdomo, na kwamba asiyejua kuvaa hajijui. Wateja wake aliwaambia, "Mimi nikitazama ulivyovaa, nimeshakusoma mzima."

Siku moja akaja mama mmoja, akaomba ashonewe gauni la kitenge. Binti yake alikuwa anajiandaa kwa kipaimara, naye alitaka siku hiyo asimame pembeni ya mwanawe kanisani akiwa amependeza. Hakutaka kingine. Akapimwa, kitenge kikakatwa, kikashonwa. Alipokuja kujaribu, gauni likapwaya. Mbunifu akachomeka pini, akalibana. Baada ya muda yule mama akarudi, limepwaya tena, kiunoni na mabegani. Likabanwa. Na safari nyingine tena hivyo hivyo.

Je, mbunifu alishtuka? Alifurahi. Alimzungusha mbele ya kioo na kumwambia, "Umepungua, dada, na umependeza. Wenzako wanahangaika na mazoezi kila asubuhi kutafuta kiuno hiki. Hebu niambie siri."

Yule mama alitabasamu, akashika ukingo wa meza, akasema hana siri yoyote.

Hakuwa akija peke yake. Jirani yake alimsindikiza kila safari, akamfungia zipu, akamfuta jasho shingoni, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la nje. Jirani huyu alijifunga kanga iliyopauka, na miguuni alivaa kandambili, moja ya bluu na moja ya kijani. Mbunifu hakupendezwa. Alimwambia mteja wake, bila hata kushusha sauti, kwamba mwenzake huyo akae upande wa nyuma, wateja wasije wakadhani pale panashonwa matambara. Jirani alisikia. Akanyanyuka, akahama.

Wiki ya kipaimara ikafika. Jirani akaja peke yake, gauni amelikunja mikononi. Akaomba lichanwe mgongoni, kutoka shingoni mpaka chini.

"Nguo yangu haichanwi," mbunifu akamjibu. "Kama limepwaya tena, mlete mwenyewe nilibane."

"Halijapwaya, mama. Tutamvalisha amelala, tumzike nalo."

Mbunifu akakaa chini. Macho yake yakaangukia zile kandambili, na kwa mara ya kwanza akauliza swali lisilohusu kiuno cha mtu. Akauliza kwa nini huvaa hivyo.

"Akiniita, navaa kinachogusa mguu kwanza," jirani akasema. "Maumivu yake hayakuwa na saa. Na kila tulipokuja hapa alikuwa akiniambia njiani, 'Leo akiniuliza tu ninaendeleaje, nitamwambia.'"

Mbunifu akachukua mkasi. Alikata taratibu sana, kana kwamba kitambaa kinaumia.

Wapendwa, futi ya kupimia ilimzunguka yule mama kifuani na kiunoni. Vidole vya mbunifu vilimgusa mifupa ya mabega. Nani mwingine alikuwa karibu naye kiasi hicho, hata aweze kuona? Na bado hakuonekana. Aliyemwona ni yule aliyefukuzwa bencheni.

Na sisi je? Punde tutatoka na kusalimiana pale mlangoni. Tutashikana vitenge, tutaulizana fundi ni nani. Si vibaya. Hata mimi nguo nzuri inanifurahisha, na Mungu mwenyewe amevisha maua. Lakini ni mara ngapi tumemwambia mwenzetu "umepungua, umependeza," tukapita, naye akabaki na neno lake mdomoni? Ni mara ngapi tumemcheka mtu aliyevaa ovyo, kumbe ametoka mbio kwa mgonjwa, au kwa mtoto aliyekesha analia?

Yawezekana yupo hapa, kwenye mabenchi haya, mama ambaye gauni lake limeanza kupwaya. Pengine umekaa naye bega kwa bega tangu asubuhi. Usimsifie kwanza. Muulize anaendeleaje, kisha usiondoke mpaka akujibu. Muulize leo, angali amesimama.