Fisi Alivyobana Kicheko Matangani

Hodi hodi, hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Imekuja na njaa!
— Ipakulieni!

Hapo zamani za kale, Mzee Nyati alifariki. Mjane wake, Mama Nyati, akaketi mkekani. Siku ya kwanza hali chakula. Ya pili hali. Ya tatu, mbavu zinahesabika.

Na kwa kina Nyati desturi ni moja: mfiwa asipoonja, chungu hakipakuliwi. Wa kumchekesha mpaka aonje ni mtani. Na mtani wao nani? Fisi! Kunde za chunguni zinamnukia mpaka kidevu kimelowa mate.

Wazee wakamwambia, "Fisi, mchekeshe huyu kabla jua halijatua, atatufia! Ukishindwa, utani tunampa Kima."

"Kima? Na makalio yale? Niachieni mimi!"

Akaingia. "Mtani, kulikuwa na punda mmoja... kih! Punda huyo... kih kih! Akavaa... kih kih kih!" Akagaagaa chini, hoi.

Mama Nyati akamtazama. "Kicheko chote umekila wewe, mtani. Mimi umenibakizia nini?"

Fisi akatoka, akanusa chungu, akarudi.

"Mtani, Kupe alikuwa mgongoni kwa Ng'ombe. Jioni akajinyoosha, akasema, 'Uuu, mwenzangu, leo tumelima!'"

Mdomo wa Mama Nyati ukatikisika. Kidogo tu, hivi! Fisi badala ya kunyamaza: "Umeelewa? Kupe halimi! Analima Ng'ombe, Kupe kakaa tu, halafu anasema tume—"

Mdomo ukajifunga. "Umeshanitafunia, mtani. Nimeze nini sasa?"

Fisi akatoka, akanusa chungu. Jua linashuka. Kima anakohoa, anasafisha koo. Hapo Fisi akamkumbuka marehemu: kila alasiri alikoroma mlangoni, na hakukubali hata siku moja kwamba amelala.

Akavaa kofia ya marehemu, akajilaza mlangoni. Khrooo! Watu wakageuka. Khrooo!

"Baba Nyati," neno likamtoka mjane, "si uingie ndani ulale?"

Kicheko kikamsukuma Fisi tumboni. Akakibana. Akangoja. Akangoja tena. Akafumbua jicho moja.

"Nani kalala? Nawaza."

Lo! Mama Nyati alicheka mpaka mkeka ukakunjamana. Akacheka, akalia, akapangusa kamasi, akasema, "Haya, nileteeni sahani."

Na Fisi? Alitimua mbio mpaka kichakani, akakiachia kile kicheko. Kih kih kih kih! Kilikuwa kirefu. Aliporudi, Kima analamba mwiko.

Ndiyo maana hadi leo Fisi huchekea mbali, na karamuni hukuta makombo.

Basi enyi wachekeshaji: msicheke kabla ya mnaowachekesha, msifafanue, na kicheko kichoteni kwenye jambo analolijua anayesikiliza. Kisha ngojeni.

Hadithi imeshiba, imenawa, inaaga. Asiyeelewa asiniulize!