Nani Abaki na Spika za Kobero

Sikilizeni, kisha mtoe shauri, maana jambo hili limewachosha wale wenyewe lililowakuta.

Katika mji wa Kilosa, upande wa reli, waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza alikuwa Damiani Mloka, seremala. Kipaji chake kilikuwa katika vifundo vya vidole. Aligonga ubao mara moja, akakwambia kama umekauka, kama una ufa ndani, na kama aliyekuuzia alikuwa mwizi.

Wa pili alikuwa Zuhura binti Mwinjuma, fundi redio mwenye kibanda nyuma ya soko. Kipaji chake kilikuwa machoni. Alifungua kitu chochote chenye waya, akakitazama kimya kama mtu anayesoma barua isiyo yake, na kabla hajashika bisibisi alikwisha kujua kilipoharibikia.

Wa tatu alikuwa Mwalimu Yustina Chilongola, aliyefundisha kwaya miaka thelathini na ambaye sasa haoni. Kipaji chake kilikuwa masikioni. Watu arobaini wakiimba pamoja, alimjua yule aliyefumbua mdomo bila kutoa sauti, akamtaja kwa jina lake na la baba yake.

Na mwenye shida aliitwa Bonaventura Kobero. Wengi walimwita Bonifasi, naye alichoka kuwasahihisha siku aliyostaafu. Kazi yake ilikuwa ishara za reli: miaka thelathini na moja alisimama kibandani akivuta vyuma ili treni zipite au zisimame. Sasa alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa, magoti yasiyotaka ngazi, na spika mbili.

Spika zenyewe hazikuwa za kujivunia. Hata zilipokuwa mpya zilikuwa za bei ya chini, makasha ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, juu yake karatasi iliyochorwa mistari ya mninga ili kumdanganya mnunuzi. Mzee Kobero na mkewe Adelina hawakudanganyika. Hicho ndicho walichokimudu. Adelina aliimba katika kwaya ya akina mama, sauti ya chini kabisa, ile inayobeba nyingine. Mwalimu Yustina aliirekodi kwaya hiyo mara moja tu, katika kaseti moja.

Adelina alifariki miaka tisa iliyopita. Miaka mitatu ya kwanza, kila Jumapili baada ya misa, mumewe aliketi kuisikiliza kaseti ile. Kisha Jumapili moja hakumsikia. Wenzake wote walikuwemo, wakiimba kwa sauti nyembamba kama watu walio ndani ya kopo, lakini Adelina hakuwemo. Mzee Kobero alidhani kaseti imechakaa. Baadaye akadhani spika zimezeeka. Baadaye akaacha kudhani, maana hata kudhani kunachosha.

Mwaka huu binti yake Veronika, nesi huko Mpanda, alimwambia kwa simu kwamba hatakubali tena aishi peke yake.

“Na hizo spika ziache, Baba. Ni za kutupa. Nitakununulia kaspika kadogo, ka kuchaji.”

“Kanacheza kaseti?”

“Kaseti, Baba!” Veronika alicheka.

“Basi,” alisema mzee.

Alikubali kuhama na begi moja. Lakini kabla ya kuondoka alitaka kumsikia mkewe tena. Alichukua pensheni ya miezi miwili, akawaita Damiani na Zuhura, na kila aliyepita kumuaga alimpa ahadi ile ile:

“Atakayemrudisha Adelina ndiye atakayebaki na spika, na mashine ya kuchezea kaseti, na kaseti yenyewe. Huko niendako haina pa kuchezea. Nami nikijaliwa kuja, nitapiga hodi kwake nisikilize.”

Damiani aligonga makasha kwa kifundo cha kidole. “Mzee, haya yanavuja pumzi kama tairi. Sauti nzito inataka mahali pa kukaa, na hapa hapana.” Akang'oa migongo iliyoachia, akakata mipya ya mvule, akaipiga randa, akaigandisha na kuikaza kwa skrubu, na ndani akatandaza sufi ya mto wa zamani.

Zuhura alitazama karatasi za ndani, zile zinazotetemeka, akaona zimepasuka kingoni. Alizitia viraka vya karatasi nyembamba, tabaka moja baada ya jingine, akingoja kila moja ikauke. Akabadilisha na kapasita moja iliyovimba, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme.

“Baba Flora,” alimwambia Damiani, “mvule huo una thamani kuliko spika. Umemvalisha mbuzi suti.”

“Na wewe je, unayemshonea mbuzi viatu vya karatasi?”

Mzee Kobero aliwasikia wakicheka, akashindwa kucheka nao. Walipokaza skrubu ya mwisho, alitia kaseti. Sauti ilitoka safi, bila kukwaruza, yenye nguvu ambayo spika zile hazijapata kuwa nayo. Kwaya iliimba yote mpaka mwisho. Adelina hakuwemo.

“Mmejitahidi,” alisema. “Nendeni mkale.” Akakaa kitini, akawa hana haja ya kuinuka.

Kesho yake Mwalimu Yustina alikuja kuaga, ameshikwa mkono na jirani.

“Shemeji, mbona nyumba imenyamaza? Umehama kabla ya kuhama?”

Mzee Kobero alimweleza. Zuhura na Damiani nao walikuwepo, wamekuja kuchukua vyombo vyao. Mwalimu aliomba kaseti ichezwe. Aliketi katikati ya spika mbili, akageuza kichwa huku na huku, kisha akainuka akapapasa mpaka spika ya kushoto, akasikiliza, akaenda ya kulia, akasikiliza. Uso wake ulikunjamana kama ulivyokunjamana zamani mwanakwaya alipokosea.

“Hawa wawili wanagombana,” alisema. “Huyu akivuta, huyu anasukuma. Sauti za juu zinapenya kati yao. Ya chini wanaiua wenyewe kwa wenyewe. Nani alifunga waya?”

“Mimi,” alijibu Kobero. “Ila ya kushoto iliondolewa, mwaka ukuta ulipoingia unyevu. Mpiga chokaa ndiye aliyeirudisha. Lakini nilimwekea alama asikosee.”

Zuhura alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto. Waya zote mbili zilikuwa nyeusi, na mmoja umefungwa uzi mwekundu. Ulikuwa umechomekwa kwenye tundu jekundu.

“Mbona iko sawa? Hata juzi niliona nyekundu kwa nyekundu, nikazirudisha vilevile.”

“Nyekundu kwa nyekundu?” Mzee Kobero aliinua kichwa. “Nani alisema? Nyekundu ni simama. Uzi ule uliuambia waya ukae kwenye tundu jeusi, usisogee.”

Walitazamana. Kwa mafundi wa mji mzima, nyekundu huingia penye nyekundu. Kwa mtu wa reli, nyekundu ni ya kuzuia. Mpiga chokaa alisoma alama kwa lugha yake, na Adelina akanyamaza miaka sita.

“Geuzeni,” alisema Mwalimu.

Zuhura aligeuza. Kaseti ilirudishwa mwanzo. Wanawake waliimba, na chini yao, polepole, ikaingia sauti nzito ambayo ungedhani ni sakafu inayotetemeka, mpaka utambue kwamba ina maneno. Mzee Kobero alishika ukingo wa meza.

“Yupo,” alisema.

“Na bado anachelewa kuingia,” alisema Mwalimu Yustina. “Nilimwambia miaka yote.”

Walisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Kisha wakakumbuka ahadi.

Mwalimu alisema waya ndio uliomrudisha. Damiani alisema waya bila kasha ni upepo. Akalegeza skrubu, akaachia mgongo wa mvule, na kweli, Adelina alififia kama mtu anayeondoka kwenda chumba kingine. Akaukaza, akarudi. Zuhura akabandua kiraka kimoja tu, na sauti ile nzito ikageuka mngurumo wa debe, maneno hayasikiki. Akakirudishia, ikasafika. Mwalimu akaagiza waya zirudishwe zilivyokuwa, na Adelina akatoweka kabisa. Zikageuzwa, akarudi.

“Acheni sasa,” alisema Mzee Kobero. “Nimemzika mara moja. Inatosha.”

Jioni alimpigia Veronika simu.

“Zimekugharimu kiasi gani, Baba?”

Alimwambia.

“Kwa pesa hizo ungepata mpya. Na kumbe ilikuwa waya.”

“Na waya,” alisema mzee. “Na mbao, na karatasi.”

“Kwa hiyo ilifaa?”

“Nimechoka, mama. Nimemsikia.”

Lakini hakupata usingizi mzuri, kwa sababu alijua mahali ambapo kila mmoja angeziweka. Damiani angeziweka karakanani, ambako zingeimba mchana kutwa katikati ya vumbi la randa, na watu wengi wangemsikia Adelina bila kumsikiliza. Zuhura angeziweka kibandani, na yeye peke yake ndiye angeweza kuzitibu zikiumwa tena. Ila kibanda kinataka wateja, na wateja wanataka muziki wa kuchezea. Mwalimu Yustina angezisikiliza kwa heshima, Jumapili kwa Jumapili, akimjua kila mwimbaji. Lakini ana umri wa miaka themanini na mbili, na wajukuu zake hawasubiri kitu kipoe kabla ya kukiuza.

“Tuzigawe,” Damiani alikuwa amesema kwa mzaha.

“Spika mbili, sisi watatu, na kaseti moja,” alijibu Zuhura. “Wewe hesabu uliisomea wapi, Baba Flora?”

Leo ni Alhamisi. Treni ya kwenda Mpanda itaingia saa nne asubuhi, na mtu aliyeongoza treni miaka thelathini na moja hawezi kuchelewa. Begi limefungwa. Damiani yuko barazani, Zuhura yuko barazani, Mwalimu Yustina ameketi kwenye kigoda, mkono begani mwa jirani. Kila mmoja amekuja na kamba ya kufungia mzigo. Mzee Kobero amesimama mlangoni, anawatazama mmoja mmoja, na honi imekwisha kusikika kutoka upande wa Kimamba.

Aliyeipa sauti mahali pa kukaa, aliyeipa maneno yake, au aliyeifungulia njia? Nyinyi mliokaa mkasikiliza, semeni upesi, mzee anaondoka: Adelina abaki kwa nani?