Kata ya Bi Nungunungu

Jamani, mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Na wewe wa nyuma unayetafuna muwa?

— Natafuna kimyakimya!

Haya, meza, twende.

Hapo zamani, zamani sana, Kobe akiwa bado hajajijengea nyumba mgongoni, ulikuja ukame. Mto ukakauka. Ukabaki mchanga, mchanga, mchanga, na dimbwi moja tu. Wanyama mia walinywa hapo hapo.

Kando ya dimbwi aliishi Bi Nungunungu. Bibi mkali! Hata ukimsalimia, miiba inasimama. Lakini alikuwa na desturi yake. Mgeni akifika, humpa maji kwa kata ya kibuyu. Ukishakunywa kata ile, wewe ni mgeni wake, naye ni mlinzi wako, mpaka siku utakayoaga kwa mdomo wako mwenyewe.

Siku moja akaja Digidigi, mdogo, mkondefu, hana ndugu. Akapewa kata, akanywa.

"Ahsante, bibi."

"Starehe, mjukuu wangu. Hapa umefika."

Kesho yake Mamba, aliyekuwa amelala ndani ya tope tangu mvua ziishe, akaamka. Akaamka na njaa.

"Hanywi mtu hapa!" akanguruma. "Nipeni mmoja tu, yule Digidigi, nami nitalala tena mpaka mvua zirudi. Mkininyima, mtakufa kwa kiu nyote."

Nyani akapanda juu ya jiwe. Nyani ndiye pekee aliyejua kuhesabu, na mtu akijua kuhesabu peke yake kijijini, mtamkoma!

"Ndugu zangu, mmoja au mia?"

"Mia!"

"Sasa tunangoja nini?"

Wakaenda mbio kwa Bi Nungunungu.

"Bibi, tutolee Digidigi."

"Amekunywa kata yangu."

"Bibi, mmoja au mia?"

"Amekunywa kata yangu."

Nyani akacheka. "Bibi huyu hajui hesabu!"

"Naijua sana. Wewe mmoja, miiba yangu elfu. Sogea tuhesabu."

Nyani hakusogea.

"Kwa hiyo tufe, bibi?" wakalia wanyama.

"Nani kasema tufe? Mto umekauka juu, chini una maji. Mia ninyi mnaopiga kelele, mna kucha ngapi? Twendeni bondeni tukachimbe."

Wakamcheka. Bi Nungunungu akaenda kuchimba na Digidigi, wawili tu. Siku ya kwanza, mchanga mkavu. Mamba akaita, "Mmoja au mia?" Bibi akajibu, "Amekunywa kata yangu," akaendelea kuchimba.

Siku ya pili akaja Ngiri kusaidia. Mchanga ukawa wa baridi. Mamba akaita, "Mmoja au mia?" Bibi akajibu, "Amekunywa kata yangu," akaendelea kuchimba.

Siku ya tatu Mamba akatoa kichwa nje.

"Nimebadili mawazo. Nimemtazama vizuri Digidigi, ni masikio na mifupa. Nipeni Nyani. Amenona kwa kukaa juu ya jiwe."

Wanyama wakageuka. Hata Kobe aligeuka haraka.

"Nyani, mmoja au mia?"

"Ndugu zangu, hesabu ina mambo mengi…"

"Mmoja au mia?"

"Kuna kujumlisha, kuna kutoa…"

"Sisi tumechagua kutoa!"

Nyani alitimka, akajibanza nyuma ya Bi Nungunungu. Miiba ikamchoma makalio, hakujali.

"Bibi! Mwaka juzi nilikunywa kata yako!"

"Uliaga?"

"Sikuaga, bibi! Niliondoka bila adabu, kama nilivyo!"

Bi Nungunungu akasimamisha miiba yote, akawageukia wale wengine.

"Basi bado ni mgeni wangu. Huyu naye hatoki." Akamgeukia Nyani. "Na wewe, chimba!"

Lo! Nyani alichimba kwa mikono, kwa miguu, kwa mkia! Wale wengine wakatazamana. Twiga akafikiria shingo yake. Kiboko akatazama tumbo lake. Leo Nyani, kesho je? Kila mmoja akajiona yeye ndiye yule mmoja. Wakaruka shimoni wote.

Kabla jua halijatua, maji yakabubujika. Na kwa kuwa shimo lilikuwa bondeni, chini kuliko dimbwi, maji ya dimbwi nayo yakateremkia huko, taratibu, taratibu, mpaka Mamba akabaki kwenye tope, meno nje, hana cha kuwanyima. Akajiburuta akaenda zake, na hakuna aliyemsindikiza.

Basi sikilizeni. Hesabu haina ubaya. Bila wale mia, shimo lisingefika majini. Lakini neno ulilompa mtu litangulie, hesabu ifuate nyuma. Na siku ukiulizwa "mmoja au mia?", wewe uliza kwanza, huyo mmoja anaitwa nani?

Hadithi yangu imefika kisimani, imekunywa, imelala. Aliyeisikia amgawie jirani.

Na wewe wa muwa, usiondoke bila kuaga!

— Siagi ng'o!